Mzabibu wangu umefunika kichanja chote lakini hauzai. Je, ni dume?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi naishi Nkuhungu, Dodoma. Miaka mitatu iliyopita jirani alinipa kijiti cha mzabibu, nikakipanda pembeni ya kichanja tunachoegeshea gari. Umekua hadi umefunika kichanja chote na sasa unaelekea kwenye bati la nyumba. Majani ni mengi mno, ila sijaona hata shada moja. Kila mwezi nauwekea debe la samadi ya mbuzi na kila jioni naumwagilia. Fundi mmoja kaniambia huo ni mzabibu dume, niung'oe. Pia nina mwembe wa kubebesha wa miaka miwili, umeenda juu kama mlingoti wala hauna matawi, na kiwanja chetu ni kidogo. Nao niukate? Picha nimeambatanisha.

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole kwa kusubiri miaka mitatu. Usiung'oe. Nimeziangalia picha zako zote nne na sijaona mti mgonjwa. Nimeona mzabibu wenye afya ambao tangu upandwe haujakatwa hata mara moja. Hapo ndipo penye tatizo, na dawa yake ni mkasi.

Nianze na hili la udume, kwa sababu limeng'olesha mizabibu mingi isiyo na kosa. Watu wanalitoa kwenye mipapai, na kwa mipapai ni kweli: upo dume, upo jike. Hata mizabibu ya porini, kule Ulaya na Asia ya magharibi ilikotokea, ina dume na jike. Lakini mizabibu inayolimwa, karibu yote, ua moja lina sehemu ya kiume na ya kike, na linajichavusha lenyewe. Tena wako haujatoa hata ua, kwa hiyo suala la jinsia halijafikiwa bado. Nenda kamuulize jirani aliyekupa kijiti kama wake unazaa. Kama unazaa, basi na wako ni wa kuzaa, maana mti uliooteshwa kwa kijiti ni mti uleule uliohamia uani kwako. Haubadiliki tabia kama ule uliooteshwa kwa mbegu.

Sasa rudi kwenye picha yako ya tatu, ile uliyopiga kwa chini karibu na bomba la kichanja. Utaona vikono, vile viuzi vya kijani vinavyojizungusha kwenye waya mara tatu nne kama springi. Nimevihesabu kwenye tawi moja tu nikapata kumi na moja. Angalia kimoja kimeota wapi: kwenye kifundo, upande wa pili wa jani. Shada la zabibu nalo huota pale pale. Kikono na shada ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vinaanza kama kidonge kimoja kidogo ndani ya jicho la mti, yaani kile kituta kwenye kifundo ambacho chipukizi hutokea, na kidonge hicho kinaweza kuwa hiki au kile. Jicho lililopata jua la kutosha wakati tawi lake linakua, vidonge vyake vinaelekea kuwa mashada. Jicho lililokulia gizani chini ya matabaka ya majani, vyake vinaishia kuwa vikono. Mzabibu wako una vikono tele. Nguvu ya kuzaa unayo; unachokosa ni mwanga kwenye macho.

Kuna jambo jingine, nalo ni la hapa kwetu. Huko Ufaransa na Italia baridi inapoingia mzabibu hupukutisha majani yote na kulala. Ukiamka, unaamka kwa pamoja, macho yote yanachipua na mashada yanatoka. Dodoma tuna baridi ya Julai ya kututia kwenye masweta, lakini haitoshi kuulaza mzabibu. Usipolazwa, unaendelea kukua mwaka mzima kwa ncha zake tu: unarefuka, unatafuta bati, unatafuta mwembe wa jirani, huku macho ya nyuma yamesinzia. Kwetu sisi anayeulaza na kuuamsha ni mkulima mwenye mkasi. Ndiyo maana tangu wamisionari walipoleta zabibu Bihawana hadi leo, wakulima wa Mpunguzi, Hombolo na Mvumi wanakata mashamba yao kila msimu, na wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka mahali ambapo Mzungu kwao anavuna mara moja.

Mimi nilifundishwa kukata na mzee mmoja wa Mpunguzi. Siku ya kwanza niliona ameharibu shamba. Alitangulia akipukutisha majani kwa mikono, mwanawe akafuata na mkasi, na jioni shamba zima likabaki visiki na vijiti kama limepitiwa na nzige. Kwenye kila jeraha kulikuwa na tone la maji linaning'inia. Nikamuuliza kama miti haitakufa kwa kuvuja vile. Akaniambia njoo baada ya wiki mbili. Nilipokwenda, kila kijiti kilikuwa na macho yaliyovimba, yenye manyoya laini ya rangi ya waridi, na mengine yameshafungua vijani vidogo kama kucha ya mtoto. Naandika haya kwa sababu najua utakapokata wako utaogopa, na utakapoona maji yanadondoka utaogopa zaidi. Ni maji tu yanayopandishwa na mizizi, yatakauka yenyewe baada ya siku chache.

Umeandika katikati ya Machi, na hapo umefanya vizuri, kwa sababu una muda wa kujipanga. Usikate sasa. Subiri mvua ziishe, yaani mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kuanzia kukata hadi kuvuna ni miezi mitatu na nusu hadi minne na nusu kutegemea aina, kwa hiyo ukikata Mei mosi utavuna kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo ninayompendekezea kila mwenye mti mmoja nyumbani: hakuna mvua, ukungu ni kidogo, na zabibu zinakuwa na sukari nzuri. Wiki mbili au tatu kabla ya kukata, acha kabisa kumwagilia, ili mti upunguze mbio na matawi yakomae.

Nunua mkasi mzuri wa kupogolea, usitumie kisu cha jikoni wala panga. Panga linapasua mti na jeraha la kupasuka linaoza. Kwa matawi mazito tumia msumeno mdogo. Vifute kwa spiriti kabla ya kuanza.

Kwenye picha ya pili nimeona mashina manne yanatoka ardhini. Chagua moja, lililonyooka na lisilo na vidonda, mengine yote yakate kwa msumeno usawa wa udongo. Najua ni vigumu, hasa lile nene unalolipenda, lakini manne yanakula sahani moja na hakuna anayeshiba. Kisha panda ngazi uangalie juu. Unatafuta tawi lililokomaa la msimu uliopita, lililotokea karibu na pale shina linapofika kwenye kichanja. Utalitambua hivi: gome lake ni la kahawia, si la kijani wala si la kijivu lenye magamba, unene wake ni kati ya penseli na kidole cha mwisho, ukilikwaruza kwa ukucha, ndani ni kijani kibichi chenye unyevu. Matawi yaliyokuwa juu kabisa, yaliyopata jua kutwa nzima, ndiyo yenye macho mazuri. Yale laini, membamba, yaliyokulia chini kwenye kivuli, hayana kitu.

Tawi hilo lilaze kwenye waya wa katikati ya kichanja, lifunge kwa ukanda wa kitambaa au kamba ya katani (usifunge kwa waya, litanenepa na kujinyonga), ukate ncha yake libaki na urefu wa mita moja na nusu hivi. Kulilaza ni jambo muhimu. Tawi lililosimama hupeleka nguvu zote kwenye macho mawili matatu ya juu, ya chini yanabaki yamelala. Likilala, nguvu inagawanyika na macho ya urefu wote yanaamka. Kichanja chako nimekikadiria mita tano kwa tatu, kwa hiyo mkono huu (ndivyo tunavyoliita tawi hilo lililolazwa) hautakitosheleza kwa mara ya kwanza. Usiwe na haraka, kila ukikata utaurefusha.

Mengine yote yaondoe. Ndiyo, yote, isipokuwa vijiti vichache vya kahawia vilivyotoka karibu na huo mkono. Hapo kuna kajaribio ningependa ufanye, maana hujui aina ya mzabibu wako na mimi kwa picha za majani siwezi kukuapia. Aina nyingi tunazolima hapa, pamoja na ile nyekundu ya Makutupora, huzaa hata kwenye macho ya chini kabisa ya tawi, kwa hiyo tunaacha kijiti kifupi chenye macho mawili tu. Zipo aina nyingine, hasa baadhi ya zile zisizo na mbegu, ambazo macho ya chini hayazai na lazima uache macho sita hadi kumi. Basi viache vijiti vitatu na macho mawili mawili, na vitatu vingine na macho sita sita. Vifungie nyuzi za rangi ili usisahau. Ikifika Juni mti wenyewe utakuwa umekujibu, na ukataji unaofuata utajua la kufanya.

Kila unapokata, acha kama sentimita moja na nusu juu ya jicho, mkato uwe wa mshazari unaoinamia upande wa pili ili maji yasishukie kwenye jicho. Majani yaliyobaki yapukutishe kwa mkono, usiache hata moja. Mwisho wa kazi utakuwa umeondoa kama sehemu tisa katika kumi za mti. Ukiona bado unafanana na mti wa kivuli, hujakata. Baada ya hapo ndipo umwagilie, na umwagilie kweli, maji yazame.

Machipukizi yakifika urefu wa shubiri, ng'oa kwa kidole yaliyoota pacha kwenye jicho moja, ubakishe lenye nguvu. Yaliyobaki yaelekeze moja kulia moja kushoto, kama miiba ya samaki kwenye uti wake, na kati ya moja na jingine kuwe na nafasi ya kiganja. Hapo jua litafika kwenye macho mapya, na macho hayo ndiyo mavuno yako ya baadaye. Mashada utayaona mapema sana, chipukizi likiwa na majani matano au sita, yametokea kuanzia jani la tatu hivi. Mwanzoni yanafanana na kisuke kichanga cha mtama. Kama chipukizi limefikisha majani kumi na halijatoa shada, mzunguko huu halitoi tena.

Nisikufiche: mashada ya kwanza yanaweza kuwa machache, kwa sababu macho utakayobakisha mengi yalitengenezwa kivulini. Hata yakitoka mengi, mwaka huu usibakishe zaidi ya kumi na tano, shada moja kwa chipukizi. Baada ya kuvuna Septemba usiukate papo hapo. Uache na majani yake wiki sita hadi nane ujaze chakula kwenye mizizi, halafu mwishoni mwa Oktoba au Novemba ukate tena. Kanuni ya hapo ni nyepesi: pale kijiti chenye macho mawili kilipotoa matawi mawili, kata lote lile lililo mbali na mkono, na lile la karibu libakishe na macho mawili. Usipofanya hivyo, kila mwaka matunda yanasogea mbali na mkono, na baada ya miaka michache utakuwa umerudi ulipo leo.

Samadi, dada yangu, imezidi. Debe moja kila mwezi kwa mti mmoja ni kuuambia utoe majani, nao umekusikiliza. Simamisha hadi siku ya kukata. Kisha weka madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri, isiyo na harufu kali, uitawanye kuanzia nusu mita kutoka kwenye shina, na usirudie mpaka ukataji mwingine. Juu yake tandaza nyasi kavu, lakini uzitenge na shina kwa upana wa kiganja kwa sababu ya mchwa. Kumwagilia kila jioni nako kunalea mizizi ya juujuu. Mara mbili kwa wiki, ndoo moja na nusu, kwenye udongo na si kwenye majani, kunatosha kwa udongo wa kichanga kama huo ninaouona. Zabibu zikianza kubadilika rangi, punguza. Kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvi, kama ilivyo kwa visima vingi vya Dodoma, utaona kingo za majani zinakauka kama zimeunguzwa. Hapo ni bora maji mengi kwa wakati mmoja kuliko kidogo kidogo kila siku, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Na maji ya mvua ya kwenye bati yakingie simtank, mzabibu utayafurahia.

Ukungu unaofanana na unga mweupe kwenye majani na vitumba, ubwiri unga, dawa yake ya zamani ni salfa ya unga. Inyunyize asubuhi mapema au jioni, kamwe si saa saba mchana, kwa sababu salfa kwenye joto linalopita nyuzi 32 huunguza majani. Ili ndege wasiyale, mashada yafunge kwa mifuko ya wavu au bahasha za kaki. Na kabla ya kuvuna onja. Zabibu ikishakatwa haiivi tena nyumbani kama embe au ndizi, itakuwa na utamu ule ule uliokuwa nao mtini. Ponda punje moja utazame mbegu: zikiwa za kahawia na ngumu, tayari.

Vijiti utakavyokata usivitupe vyote. Vile vya unene wa penseli vikate vipande vya macho manne, macho mawili chini ya udongo na mawili juu, vitaota. Ila ukitaka mzabibu wa pili wenye jina linalojulikana, ulizia miche kituo cha Makutupora cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Hapo ni jirani yako kabisa.

Sasa mwembe. Huu ni mti wa tabia nyingine, na watu wengi wanakosea kwa kuuchukulia kama mzabibu. Mzabibu huzaa kwenye chipukizi jipya linalotoka baada ya kukata. Mwembe huzaa kwenye ncha, na ncha yenyewe iwe imekomaa kwa miezi kadhaa kabla ya baridi ya Juni na Julai kuiamrisha itoe maua. Ukizikata ncha Aprili au Mei, umekata maua ya mwaka huo. (Mpera nao, ukiwa nao au ukija kuupanda, uko upande wa mzabibu: kata baada ya mavuno, matawi mapya yatakuja na maua.)

Wako hauna matawi kabisa, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuuvunja huo mlingoti. Subiri mvua za Desemba zikishika, ukate kwenye kimo cha mita moja kutoka ardhini. Angalia kwanza alama ya kubebeshea ilipo, yaani pale aina uliyoinunua ilipounganishwa na shina la asili, lazima ukate juu yake kwa mbali. Chochote kinachochipua chini ya alama hiyo king'oe siku hiyo hiyo, kwa sababu ni embe la shina la asili, si lile ulilolinunua. Tazama pia majani yalivyopangana: yapo sehemu yamejikusanya kama pete, na sehemu yameachana. Ukikata juu ya pete unapata machipukizi mengi yanayobanana. Ukikata chini yake yanatoka machache, yenye nguvu na yaliyotanuka. Kata chini. Bakisha matatu yanayoelekea pande tatu tofauti, na hayo yakifika nusu mita yakate ncha nayo yagawanyike. Mara mbili tatu hivyo na utakuwa na mwembe mfupi wenye ncha nyingi, ambao ukisimama chini unaufikia kwa mkono. Baadaye ukianza kuzaa, kata kidogo kila mwaka mara tu baada ya kuchuma embe la mwisho, mvua zikiwa bado zipo.

Shina la mti wowote lililokuwa limefunikwa na majani likifunuliwa ghafla kwenye jua la Dodoma linaungua na kupasuka gome, hivyo ulipake chokaa iliyozimuliwa kwa maji, hasa upande wa magharibi. Na ile siku ya Aprili au Mei utakapokuwa juu ya ngazi unakata mzabibu, mwembe uuache kama ulivyo, hata kama mkasi tayari uko mkononi.